Hesabu ya Mwanga

Hapa Wadi Kabir jua halina bei.
Linamwagwa bure juu ya mapaa na magari
hata usukani haushikiki bila taulo.
Na mimi nimesimama dukani kwa Shaji
naulizia balbu.

Mwezi wa sita niliotesha mchicha roshani.
Asubuhi ulikuwa mchicha.
Adhuhuri ulikuwa majani ya chai.
Dada yangu Zayana alicheka kwenye simu mpaka akapaliwa:
"Jua limekushinda, sasa utalima stoo?"

Ndiyo, stoo. Haina dirisha.
Ina magunia mawili ya mchele, kreti la soda,
na ubaridi wa kiyoyozi unaopenya chini ya mlango.

Shaji anapanga maboksi kama anayegawa karata.
La baisa mia nne: halina jina, lina picha ya tai.
La mia tisa: lina maandishi madogo.
Nilikuwa karani wa ghala miaka ishirini na sita,
maandishi madogo ndiyo ninayoyasoma kwanza.
Wati ishirini na tatu. Saa elfu nane.
Rangi elfu sita na mia tano, nyeupe ya kuelekea buluu,
hiyo ndiyo ya majani.
Ile ya njano, elfu mbili na mia saba, ni ya ua na tunda,
na mimi sina haja ya ua.
Nataka mboga ya kulia wali.

"Mama, taa ya shamba ninayo," asema,
Kiarabu chake kimeungwa viraka kama changu.
Ya zambarau. Riali kumi na nne.
Riali kumi na nne, Shaji,
ni mafungu sabini ya mchicha wa sokoni,
na wa sokoni haunisumbui usiku.

Nikachukua tatu za mia tisa
na tai mmoja, kwa ubishi tu.
Tai aliishi siku ishirini.
Alikufa akinuka kitumbua kilichoungua.

Daftari la mraba, ukurasa wa kwanza:
saa kumi na nne kwa siku,
alfajiri nawasha, magharibi nazima;
balbu moja, uniti kumi kasoro kwa mwezi.
Ile ya zamani ya waya, ya wati mia, ingekula arubaini na mbili
na kuichoma miche juu yake.
Hii ya msokoto haina hasira.
Naishusha mpaka kiganja kimoja juu ya majani,
ukutani nimebandika karatasi ya fedha ya kuokea samaki,
mwanga usipotee kwa mchele.

Siku ya tano, vijishingo.
Mche wa pembeni ulipinda kuifuata balbu
kama mtoto anayechungulia sufuria,
na nyuma ya ukuta ule ule, shibri moja tu ya saruji,
jua lilikuwa likipasua rangi ya mlango.
Sikuuambia.

Kisha Azzan, mjukuu, na mpira wake.
Pa!
Nikamtoa mbio: ndani mna zebaki, usiguse, usifagie!
Nikazima kiyoyozi, nikafungua dirisha la jikoni,
na joto la Julai likaingia na viatu vyake.
Nikaokota vigae kwa kadi ya benki iliyokwisha muda,
vumbi nikalifuta kwa karatasi mbichi,
vyote ndani ya chupa ya jamu, kifuniko kimekazwa.
Robo saa. Nusu ya miche ikalala.
Azzan analia. Mimi naandika: *hasara, baisa mia tisa.*

Iliyobaki niliichuma Ijumaa.
Nazi, kitunguu, chumvi.
Bakuli moja, dogo, la watu watatu.
Zayana alikula kimya, akapangusa bakuli kwa kidole,
akaniuliza, macho yakitazama kando,
"Ile balbu... ni ya tai?"